Kupiga picha Milima ya Ngong na misitu ya Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota njiani: kwenye matatu, langoni nikisubiri wenzangu, na kileleni kutoka kwa watu walioniona na kamera shingoni wakati tumekaa chini kuvuta pumzi. Ninaishi upande wa Ngong na nimeipanda milima hii na kamera miaka mingi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe lina uzito. Mengine ni mistari miwili na yanatosha.

Milima ya Ngong iko Nairobi au Kajiado?

Kajiado. Lakini kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 25 tu, na Wanairobi wanaoishi ghorofani upande wa magharibi huiona dirishani kila asubuhi isiyo na mawingu. Wengi wameitazama maisha yao yote bila kuikanyaga.

Vilele ni vinne au saba? Kila mtu ananiambia lake.

Wote wanasema kweli. Ukitazama kutoka Lang'ata au Karen, utaona vinundu vinne vikubwa vilivyopangana kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, na simulizi za hapa huifananisha milima hii na mkono wa jitu aliyeanguka. Ukitembea juu yake utahesabu saba, kwa kuwa kati ya vikubwa kuna vidogo ambavyo jicho huviruka lakini magoti hayavisahau. Kilele kirefu kuliko vyote ni Lamwia, mita 2,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Jina Ngong lenyewe wengi hulirudisha kwenye Kimaasai, enkong'u e muny, yaani chemchemi ya kifaru. Leo ukitaka kumwona kifaru karibu na hapa itabidi uende Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Kwa mpiga picha, jambo la kushika ni hili. Milima hii ni mabaki ya volkano ya zamani sana. Bonde la Ufa lilipopasuka, upande wa magharibi wa volkano ulikatika ukashuka, ukabaki huu wa mashariki. Ndiyo maana ukisimama juu ya mgongo unaona nchi mbili kwa wakati mmoja. Mashariki kuna nyasi, mashamba, mabati ya mji wa Ngong na kwa mbali maghorofa ya Nairobi. Magharibi ardhi inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi sakafu ya bonde, kavu, yenye migunga na vichaka vya leleshwa vyenye rangi ya majivu. Mvua hunyesha upande mmoja, na upande wa pili hupata mabaki. Ukigeuka nyuzi 180 bila kuinua mguu, unapata picha ambazo mtu asiyejua atadhani zimepigwa safari ya siku nzima kutoka moja hadi nyingine.

Nifikeje kama sina gari?

Matatu za namba 111 hutoka mjini hadi Ngong. Ukishuka steji, bodaboda watakufikisha lango la msitu kabla mdomo haujamaliza kusema unakoenda. Ukivuka vilima vyote utatokea Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, na hapo unasubiri gari la kwenda Kiserian, kisha 126 hadi mjini. Kutoka lango hadi Kona Baridi ni mwendo wa kilomita 10 na zaidi. Mtu asiyesimama huumaliza kwa saa nne hivi. Mpiga picha aongeze mbili, na asitembee na watu wenye haraka.

Nifike saa ngapi ndipo nipate mwanga mzuri?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aulize kabla ya kuuliza bei ya kamera.

Tuko nyuzi kama 1.3 tu kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mwaka mzima, na jioni huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini. Tena halipandi kwa mshazari kama kule Ulaya. Linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Wapiga picha wa kaskazini husifu saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Sisi tunao wa nusu saa, ukizidi dakika arobaini. Foleni moja ya Karen inatosha kuumaliza ungali ndani ya gari.

Mgongo wa Ngong umelala kaskazini hadi kusini, kwa hiyo asubuhi jua hutoka upande wa Nairobi na jioni huzama ng'ambo ya Bonde la Ufa. Wageni wengi asubuhi huelekeza kamera kwenye jua. Nakuomba ugeuke. Jua likiwa mgongoni mwako, kivuli cha milima yote huwa kimelala juu ya bonde, na ukingo wake una meno yaleyale ya vilele unavyovikanyaga. Kila dakika kivuli kinarudi kuelekea kwako, na kule kinakotoka maboma na njia za ng'ombe zinawaka rangi ya shaba. Nimeliona jambo hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na bado huwa najikuta nimeishusha kamera.

Mchana wa saa sita ni mgumu. Mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba jua huwa utosini kabisa, vivuli vinajificha chini ya nyayo na kilima kinaonekana bapa kama sahani. Mwezi Juni jua la saa sita hukaa upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini, na hapo vivuli vifupi vilivyopo vinakusaidia kidogo. Usikate tamaa na mchana lakini. Kukiwa na mawingu yaliyotawanyika, vivuli vyake hutembea juu ya bonde kama kundi la kondoo. Kaa chini, chagua kilima kimoja kidogo kule mbali, ungoje kipate jua peke yake huku kila kitu kando yake kikiwa gizani. Wakati mwingine ni dakika tano, wakati mwingine arobaini.

Naweza kupanda alfajiri kabla lango halijafunguliwa?

Usifanye hivyo. Msitu wa Ngong uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na una saa zake za kuingia. Ukitaka kuwa juu mapema, fika ofisini siku iliyotangulia, zungumza nao na upange askari wa kukusindikiza. Mapambazuko yenyewe unaweza kuyapiga ukiwa chini, pembezoni mwa mji, ambako milima huonekana yote na mwanga wa kwanza hugusa vilele huku nyumba zikiwa bado na taa.

Ni mwezi gani una hewa safi zaidi?

Usitafute mwezi, tafuta siku baada ya mvua. Kiangazi kirefu hutandaza utando wa vumbi na moshi juu ya bonde, na hakuna kamera inayoupenya vizuri. Mvua moja kubwa ya usiku huuosha wote. Kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ndipo ninapopata picha zenye umbali ndani yake, ingawa njia ni utelezi mtupu na viatu huongezeka kilo moja ya udongo mwekundu. Januari na Februari asubuhi huwa wazi na joto huja mapema. Juni hadi Agosti ni kijivu: mawingu mazito ya chini, manyunyu, baridi. Watu hukaa nyumbani miezi hiyo. Mimi huenda. Ukungu ukipita kwenye mgongo, kilima kimoja huonekana, kinapotea, kinatokea kingine, na mti mmoja uliosimama peke yake unapata heshima ambayo haupati siku ya jua kali.

Je, ni kweli Kilimanjaro inaonekana kutoka Ngong?

Ni kweli. Iko kama kilomita 200 kusini-mashariki, na asubuhi safi theluji yake huelea juu ya upeo kama kitu kisicho na miguu. Upande wa kaskazini-mashariki, zaidi ya kilomita 150, utaona meno ya Mlima Kenya. Yote miwili huvaa mawingu mapema, kwa hiyo ikifika saa tatu asubuhi usiisubiri. Kaskazini-magharibi, karibu zaidi, kuna Suswa na Longonot, ambayo haina aibu na huonekana siku nyingi. Picha ya Kilimanjaro inataka lenzi ndefu. Kwa simu itatoka nukta, na hilo si kosa lako.

Simu yangu inatosha au ninunue kamera?

Inatosha kwa mengi. Simu ya kawaida leo inapiga mandhari pana vizuri kabisa kwenye mwanga wa asubuhi. Inaposhindwa ni mambo matatu: vitu vya mbali, giza, na anga yenye mwanga mkali juu ya ardhi yenye kivuli.

La mwisho lina dawa. Gusa kioo cha simu mahali penye anga, kisha buruta kidole chini mpaka mawingu yarudi kuwa na umbo. Ardhi itaonekana nyeusi kidogo, na hiyo unaweza kuiinua baadaye. Anga iliyoungua ikawa nyeupe hairudi tena. Halafu futa lenzi. Nasema hivi kwa moyo wote: nusu ya picha zenye ukungu ninazoonyeshwa, ukungu wake ulikuwa mafuta ya vidole kwenye kioo.

Ukinunua kamera, nunua iliyokwishatumika na uweke akiba kwenye lenzi. Milimani mimi hubeba lenzi pana moja na ndefu moja, na siku hizi ile ndefu ndiyo inayokaa kwenye kamera muda mwingi. Mandhari si lazima iwe pana. Bonde lote kwenye picha moja mara nyingi halisemi kitu. Boma moja lenye moshi wa asubuhi na njia ya ng'ombe inayotoka langoni mwake linasema mengi.

Mbona picha zangu za Bonde la Ufa hutoka bapa na zimefifia?

Kwa sababu hewa iliyopo kati yako na bonde ni nyingi, na kwa sababu hukuweka kitu karibu. Jicho linajua kwamba kule chini ni mbali, kamera haijui mpaka uiambie. Iambie kwa jiwe, kichaka cha leleshwa, rafiki aliyekaa na mgongo wake kwako, uzio wa miiba, chochote kilicho hatua tatu au nne mbele yako. Chuchumaa. Watu wengi hupiga kila picha wakiwa wamesimama wima, kwa hiyo picha zote zina kimo kimoja. Filta ya kuondoa mng'ao husaidia jua likiwa ubavuni mwako. Likiwa mbele au nyuma yako haifanyi kazi kubwa.

Ile mitambo ya upepo naruhusiwa kuipiga picha?

Kutoka kwenye njia, watu huipiga kila siku. Ni ya kampuni ya KenGen. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1993, iliyopo sasa ikaanza kuwekwa 2009, na kwa pamoja ina uwezo wa megawati 25.5. Usivuke uzio wala usisimame chini ya mbawa.

Ukiweka kasi ya kamera, yaani muda inaoacha jicho lake wazi, kuwa 1 kwa 500 ya sekunde, mbawa zitaganda kana kwamba mtambo umekufa. Shuka hadi robo sekunde, kamera ikiwa kwenye miguu mitatu au juu ya jiwe, nazo zitageuka kuwa upepo unaoonekana. Mimi napenda mwendo uonekane, kwa kuwa mtu aliyesimama pale anakumbuka kwanza ile sauti ya mbawa zikikata hewa. Kuna wanaolalamika kwamba mitambo imeharibu sura ya milima. Nimewasikiliza na sikubaliani nao. Ng'ombe hulala kivulini mwa minara hiyo na kivuli huzunguka nao, na hiyo ni sura ya Ngong ya sasa.

Naweza kumpiga picha mchungaji au mama ninayemkuta njiani?

Kwanza msalimie. Mlima huu ni malisho ya watu. Yule unayemwona kama pambo la mandhari yuko kazini, na ng'ombe wake hawajasimama kwa ajili yako. Ukijua Kimaasai cha kuanzia, sema «sopa», utajibiwa «epa». Usipojua, «shikamoo mzee» au «habari yako mama» inafungua mlango vilevile. Uliza, onyesha kamera, subiri jibu. Akikataa, mshukuru na uendelee kuzungumza naye kidogo ili ajue hukumsalimia kwa ajili ya picha peke yake.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilimpiga picha mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia, na nyuma yake ng'ombe mwekundu amegeuza kichwa. Niliomba, alikubali, nikapiga, nikaondoka. Nilipopita tena baada ya miezi kadhaa, aliniita: «Kijana, mnanipiga picha kila Jumamosi, na mimi sijawahi kuiona hata moja. Huwa zinaenda wapi?» Sikuwa na jibu. Zilikuwa zimekaa kwenye kompyuta yangu.

Wiki iliyofuata niliiosha ile picha mjini, saizi ya nne kwa sita, nikampelekea. Aliishika kwa ncha za vidole muda mrefu. Nilidhani anajitazama. Kumbe alikuwa anamtazama yule ng'ombe, ambaye kiangazi kilikuwa kimeshamchukua. Akaita watoto waje wamwone. Tangu siku hiyo sipigi picha ya mtu milimani kama sina nia ya kuirudisha, na kwenye begi langu huwa na bahasha ya picha zilizooshwa ambazo bado hazijawafikia wenyewe.

Nikiombwa pesa je?

Mkubaliane kabla ya picha. Mtu mzima anayekupa muda wake ana haki ya kuutaja bei, nawe una haki ya kusema huwezi. Watoto usiwape pesa. Mtoto anayelipwa kwa kusimama njiani ataanza kukosa shule siku za wageni.

Na picha za watoto kwa jumla?

Muulize mzazi au mlezi, si mtoto. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hata pasingekuwa na sheria, fikiria mwanao mwenyewe.

Naruhusiwa kurusha droni?

Si kwa kuitoa tu kwenye begi. Kanuni za mwaka 2020 zinataka droni iandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na mrushaji awe na kibali. Juu ya hapo unahitaji ruhusa ya wenye eneo: KFS kwa misitu, Huduma ya Wanyamapori, KWS, kwa mbuga. Viwanja vya ndege vya Wilson na JKIA haviko mbali na ndege ndogo hupita karibu na milima. Kuna na jambo ambalo halimo kwenye kanuni: mlio wake hutimua mbuzi, na mchungaji atatumia alasiri nzima kuwakusanya.

Ni mahali gani nisielekeze kamera?

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu, viwanja vya ndege na mitambo ya mawasiliano iliyozungushiwa uzio. Ukiambiwa na askari uache, acha kwanza, uliza baadaye.

Usalama ukoje? Nasikia mambo mengi.

Miaka ya nyuma watu waliibiwa huko juu, na sitakuficha hilo. Sasa askari wa misitu wapo, unawalipia kiasi kinachotajwa langoni na wanatembea nanyi, na siku za Jumamosi na Jumapili njia inajaa watu. Nenda na wenzako. Vikundi vya chini ya watu wanne nawashauri wachukue askari, hata kama hakuna anayewalazimisha. Vifaa vikae ndani ya begi mpaka unapovihitaji. Kuwa umeteremka kabla jua halijagusa bonde. Hapo ndipo wapiga picha tunapojiponza, maana mwanga unakuwa mzuri hasa wakati tunapopaswa kuwa tunarudi. Mimi hupanga machweo yangu karibu na lango na siyo kwenye kilima cha tano.

Nyati wapo upande wa msitu. Ukiona kinyesi kibichi, nyamaza, rudi ulikotoka, umwambie askari.

Nibebe nini?

Koti la upepo, hata kama Nairobi kuna jua kali, kwa sababu juu upepo haupumziki. Kofia inayofungwa. Maji lita mbili kwenye chupa ya kudumu: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye misitu na mbuga za Kenya, na langoni chupa hizo zitabaki. Betri ya pili uiweke mfukoni karibu na mwili, maana baridi huimaliza haraka. Simu yenye chaji, kwa kuwa kiingilio hulipwa kwa simu. Mfuko usiopitisha maji au kitambaa kikavu cha kufunikia kamera mvua ikija ghafla. Mandazi.

Ukitoka kwenye ukungu wa juu ukaingia kwenye gari lenye joto, usitoe kamera nje ya begi mara moja. Iache ndani dakika ishirini, la sivyo lenzi itatokwa jasho.

Nikitaka mahali pa karibu zaidi, au siku ambayo siwezi kupanda mlima?

Karura, bila kusita. Msitu wa hekta kama 1,000 ndani ya jiji, wenye maporomoko ya maji, mapango, mianzi na njia za baiskeli za kutosha. Kila ninapopiga picha pale namkumbuka Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa kwenye lango la msitu huo Januari 1999 wakienda kupanda miche kwa kuwa ardhi yake ilikuwa imegawiwa wajenzi. Miti unayoipiga picha leo ipo kwa sababu yao. Mwanga wa Karura ni wa saa mbili hadi saa nne asubuhi, miale inapopenya kati ya majani, na siku ya mawingu ndiyo siku ya maporomoko: tumia kasi ndogo, maji yatakuwa kama hariri.

Oloolua, eneo la msitu upande wa Karen, ni dogo na tulivu, lina mto, pango na mianzi, na watoto hulimaliza bila kulia. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na ndipo utakapopata picha ya twiga mbele ya maghorofa. Picha hiyo imepigwa mara nyingi sana. Ipige tu ili itoke rohoni, kisha geuka kusini na magharibi, ambako asubuhi utaiona Milima ya Ngong yote ikiwa bluu nyuma ya nyasi. Hiyo ya pili ndiyo niliyoitundika ukutani.

Napiga picha wenzangu wakikimbia au wakiendesha baiskeli. Hutoka na mtikisiko.

Kasi ya 1 kwa 1,000 kwa baiskeli, 1 kwa 500 kwa mkimbiaji. Kwenye simu, shikilia kitufe ipige mfululizo kisha uchague moja. Usimfuate mtu. Tafuta kona yenye mwanga mzuri, uiweke tayari, umsubiri aingie. Mji wa Ngong uko karibu mita 2,000 juu, na wanariadha wengi hufanya mazoezi huko kwa ajili ya hewa hiyo nyepesi. Ukiwakuta alfajiri, waache wapite kwanza. Hawarudii mwendo kwa ajili ya picha, nao wako kazini kama mchungaji.

Mtu amechukua picha yangu akaitumia kwenye tangazo. Nina haki gani?

Picha ni mali yako tangu ulipoipiga, huhitaji muhuri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inailinda kwa miaka 50. Tunza faili la asili, lile ambalo halijahaririwa, kwa kuwa ndilo ushahidi. Mwandikie aliyeitumia kwa adabu, umtajie bei. Wengi hulipa au huondoa. Asiposikia, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hupokea malalamiko.

Picha nikishaiosha, namfikishiaje mwenyewe kama sina namba yake?

Rudi siku ileile ya wiki, saa ileile. Mchungaji ana ratiba kuliko karani. Usipomkuta, muulize anayeuza chai karibu na lango, ukimwonyesha picha. Mara nyingi atacheka, ataje jina la baba wa aliye pichani, na atakuambia umwachie yeye amtunzie. Andika tarehe nyuma kwa kalamu isiyofutika, uitie kwenye bahasha ili isishike masizi. Osha nakala mbili: anayepokea kwa niaba ya mwenzake karibu kila mara huomba moja abaki nayo, na kibandani pale kuna ukuta mzima wa picha zilizobandikwa juu ya jiko, nyingine zimeshakuwa za kahawia kwa moshi.